Mpige Picha Anaposikiliza

Asanteni, asanteni. Kaeni. Mlio nyuma mnanisikia? Haya.

Kabla sijasema lolote, namwomba kijana huyu mwenye shati la buluu ahamishe kiti chake mpaka pale mlangoni, hatua moja ndani ya kizingiti. Hapo hapo. Nitazame mimi, usitazame nje. Sasa wote mwangalieni usoni. Shavu moja linang'aa, la pili linaingia kivulini polepole, na ndani ya kila jicho kuna kijidirisha cheupe. Dakika moja iliyopita alikuwa chini ya taa ya dari, macho yamezama kama ya mtu aliyekesha matangani. Sikununua kitu, mlango wenyewe ndio uliofanya kazi. Baki hapo, mdogo wangu, nitakurudia.

Nimealikwa nizungumze juu ya kumpiga picha mwanamuziki mjini, nje ya studio, hapa hapa Kisumu. Walionialika walitaka nije na begi la vifaa niwaonyeshe. Begi nimelileta, lakini nimekuja hasa na neno moja, na nalisema mapema ili anayewahi matatu ya Siaya aondoke nalo: mwanamuziki mpigeni picha anaposikiliza.

Tukipata kazi ya mwanamuziki, huwa tunamwambiaje? "Shika gitaa. Fumba macho. Imba kidogo." Naye anafumba macho, anapanua kinywa, tunapata ile ile picha tuliyoiona kwenye mabango ya shoo tangu tukiwa shule. Picha haina sauti, ndugu zangu. Kinywa kilichopanuka bila sauti ni mwayo, au ni mtu aliye kwa daktari wa meno. Kusikiliza ndiko kunakoonekana. Mtu anaposikiliza kwa kweli shingo yake inakaa vingine, macho yanatua mahali pasipo na kitu, mdomo unalegea. Na haigiziki. Jaribuni kuigiza sasa hivi mtazamane, mtacheka.

Hili sikulisoma popote. Nilifundishwa na jathum mmoja, mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi yetu sisi Wajaluo, bila yeye mwenyewe kujua kwamba ananifundisha. Jina lake nimeliacha kwake nyumbani kwa kuwa hakunituma nije nalo.

Wakati huo nilikuwa mtu wa harusi. Jumamosi kanisani, Jumapili nalala, Jumatatu nachagua picha za keki. Binti ya mzee akanipigia simu akasema baba yake anahitaji picha nzuri za kupeleka kwa watu wanaomwalika kucheza, maana zilizopo zilipigwa kwa simu ndani ya tuktuk. Nikakubali. Nikajiona nimepandishwa cheo.

Kwa mliotoka Nakuru na kwingineko, nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji hukalia kigoda kifupi, ala imelala ubavu mbele yake. Mguu wa kulia huvaa njuga, sisi tunaziita gara, na kidole gumba cha mguu huo huvaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa ala na kuweka mapigo. Kwa hiyo mtu mmoja ana nyuzi, ana njuga, ana mapigo ya pete, na juu ya hayo yote anaimba. Nyuzi zenyewe zamani zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi. Hili la nailoni likumbukeni, litarudi.

Nilipanga siku nzima kwenye karatasi. Alfajiri ufukweni Dunga, saa nne mjini, saa sita mahali penye ukuta mzuri niliokuwa nimeuona, jioni Hippo Point kando ya ziwa jua likizama. Karatasi nzuri sana. Nusu yake ilikuwa ya kijinga.

Dunga ilikwenda vizuri, na nitaeleza sababu kwa maana wengi mnaikosea. Ziwa letu, Victoria, liko magharibi ya mji. Asubuhi jua linatoka nchi kavu, kwa hiyo ukimsimamisha mtu ufukweni ziwa likiwa mgongoni mwake, jua linamwangalia usoni, chini chini, lina rangi ya chai ya maziwa, na maji nyuma yake yametulia. Jioni mahali pale pale pamegeuka: jua liko nyuma yake, na usipokuwa na flashi au rifleka, lile bapa la kurudisha mwanga, unapata kivuli chenye umbo la mtu. Kivuli kizuri, sikatai, lakini anayetaka kualikwa kucheza anahitaji uso. Watu wote wanakimbilia ziwani jioni. Nendeni asubuhi, wakati wavuvi wanarudi na mitumbwi na hakuna anayewapigia kelele za selfi.

Jambo la pili juu ya jua letu. Tuko kilomita chache tu kusini ya ikweta. Ukishika njia ya Busia unaivuka pale Maseno. Saa za Kenya zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na 35, kwa hiyo jua letu linachelewa. Linafika juu kabisa kati ya saa sita na dakika ishirini na tano na saa saba kasoro dakika tano, kutegemea mwezi. Mwenzenu wa Mombasa jua lake linatua kama dakika 20 kabla ya lenu. Programu za simu zitawapa dakika kamili, lakini kichwani wekeni hivi: Kisumu machweo ni kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu, na jua likishazama mna kama dakika 20 za mwanga wa kutumika, basi. Ikweta haina jioni ndefu. Nchi za mbali na ikweta wanakaa na ile rangi ya dhahabu saa nzima wakinywa kahawa. Sisi ukiinama kubadilisha lenzi, ukiinuka ni usiku.

Sasa kosa langu. Saa sita nikampeleka mzee kwenye ule ukuta. Mwekundu, umebanduka rangi, mzuri kweli. Jua la utosi. Amevaa kofia yake ya manyoya, na chini ya kofia hapakuwa na mtu, palikuwa na kiza chenye ndevu. Nikamwomba ainue kidevu, akainua, jua likamchoma machoni, akakunja uso kama anayedai deni. Kabla sijapata jibu akaja askari wa mahali pale akauliza ni nani aliyeturuhusu. Hakuna aliyeturuhusu. Nilidhani ukuta unaoonekana kutoka barabarani ni wa barabara. Mzee wa heshima zake, ala mkononi, njuga mguuni, akaondoshwa pale kama mchuuzi asiye na leseni, huku anatembea na njuga zinalia. Ile sauti ya gara ikitoka getini, mpaka leo inanipa haya. Ombeni ruhusa, tena ombeni siku moja kabla, na zaidi sana mahali kama bandarini na kwenye reli. Ukikatazwa peke yako utacheka baadaye. Ukikatazwa na mgeni wako umemfedhehesha.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Nyathina, mwanangu, jua hili hata mbuzi wanalikimbia. Twende tule."

Tukala samaki. Baada ya hapo tukakaa barazani kwa duka moja, karibu na steji ya bodaboda, tukisubiri jua lishuke. Kamera nikaiweka mapajani kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa. Mzee akagundua uzi mmoja umekatika, pengine pale tulipokuwa tunafukuzwa. Akatoa mfukoni kijifundo cha nailoni, akauvuta, akaufunga, akaanza kuukaza na kuugonga kwa ukucha. Ting. Anakaza. Ting. Kichwa kikainama upande wa ala mpaka sikio likakaribia nyuzi. Macho yalikuwa wazi ila hayakuwa yananitazama mimi wala duka wala barabara. Mdomo unasema kitu kidogo, bila sauti, labda noti yenyewe.

Na baraza lile lilikuwa limefanya kile ambacho mlango unamfanyia huyu mdogo wangu hapa. Paa limekata jua la juu. Mbele yetu barabara ya vumbi jeupe, jua limeipiga, nayo inarudisha mwanga chini ya kofia, laini, mpaka ndani ya macho. Kitu nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi kwa rifleka ya shilingi elfu kadhaa, barabara ilikuwa inanipa.

Nikainua kamera polepole.

Hapa niseme vifaa, halafu tusivirudie. Lenzi ya milimita 85 kwa uso na ya 35 kwa mtu na mahali pake. Mwenye ya 50 peke yake asijione maskini, asogee mbele na arudi nyuma. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie: msiigandishe mikono kila mara. Kwa sehemu 1 ya 500 ya sekunde vidole vya mpiga nyatiti vinasimama kama vya sanamu ya duka la nguo. Kwa sehemu 1 ya 60 uso uliotulia unabaki mkali na vidole vinakuwa moshi, na huo moshi ndio muziki. Utaharibu nyingi. Haribu.

Lakini la ngozi siliachi lipite, kwa sababu linatuhusu. Kipima mwanga cha kamera hakijui mtu, kinajua wastani. Kinadhani kila unachokionyesha kinapaswa kuwa kijivu cha wastani. Ukimjaza mzee mweusi tii kwenye fremu, kamera inadhani ni usiku, inaongeza mwanga, ngozi inageuka majivu. Ukimweka mbele ya ukuta mweupe au anga, inadhani ni mchana mkali mno, inapunguza, uso unatoweka. Ni kifaa kile kile na mtu yule yule, kimekosea mara mbili kinyume. Kwa hiyo pimeni usoni, kisha mshushe kidogo kwa mkono wenu, ngozi ibaki na weusi wake. Na msiniambie ni historia ya kale tu. Enzi za filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley. Uso wake ukitoka sawa, basi mashine iko sawa. Shangazi zetu walitoka kwenye mashine hizo wakiwa meno na macho. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini kidole kinachobonyeza ni chako.

Na mwanga uwe mpana. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao, pale paji la uso linapokutana na mwanga. Chanzo kikiwa kidogo, kama flashi iliyo juu ya kamera, unapata doa moja la jasho. Chanzo kikiwa mlango mzima, mng'ao unatambaa shavuni kama mafuta mazuri. Mwangalieni tena huyu mdogo wangu. Mmeona? Hajapakwa chochote.

Turudi barazani. Mzee alimaliza kukaza, akaanza kupiga ili kuujaribu ule uzi. Sasa nyatiti haipigwi karibu na steji ya bodaboda kimyakimya. Dakika tano hazikuisha, pikipiki saba zimezimwa, mama wa mahindi amegeuza kiti, watoto wamekaa vumbini. Nami nikaingiwa na tamaa, nikaanza kupiga picha kama mvua. Anaimba, napiga. Anapandisha sauti, napiga. Kwa mizuka ile nilirudi nyumbani na picha zaidi ya 900. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa akiwapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na kwa kawaida mteja alipata picha moja tu, kwa sababu kila karatasi ya filamu ilikuwa pesa. Moja! Na hizo moja moja zimezunguka makumbusho ya dunia. Mimi na 900 zangu nilikuwa na keki ya harusi.

Kisha kijana mmoja wa boda akasimama mbele, akainua mkono, na nyuzi zikanyamaza. Wajaluo mliomo humu mnajua kinachofuata, kwa wengine nieleze. Sisi tuna pakruok. Msikilizaji anatoa pesa, anasimamisha muziki, anajisifu: yeye ni mwana wa nani, mkwe wa wapi, rafiki zake ni kina nani, mpenzi wake anafananaje, kwa mafumbo na mbwembwe. Jathum anangoja. Akimaliza, muziki unarudi, na mara nyingi unarudi na jina lake ndani. Kijana akatoa noti ya hamsini, akaiweka chini karibu na kigoda, akaanza.

Mzee alilaza kiganja juu ya nyuzi zote 8 kuzituliza. Hivi, bapa, kama mtu anavyomlaza mtoto usingizi. Kidole cha mguu chenye pete kimening'inia juu ya mti hakijagonga. Kichwa kimeinama kidogo kuelekea kwa yule kijana. Macho yameinuka nusu chini ya ukingo wa kofia, na ule mwanga wa barabara umeingia ndani. Mwili mzima umesimama pale ambapo muziki ulikatika na hauna hakika utarudi lini.

Nilipiga mbili. Ya kwanza kuna tuktuk imepita nyuma. Ya pili ndiyo.

Tangu siku ile kila nikifanya kazi na mwanamuziki natafuta mahali anaposikiliza, nami nawaambia, pako kila mahali. Benga, ule muziki wetu wa magitaa, kwa mfano. Mnajua benga inavyokwenda: kwanza maneno, mwimbaji yuko mbele, halafu maneno yanaachwa na magitaa yanatawala. Uchezeshaji ule wa nyuzi, gitaa liliurithi kwenye nyatiti. Marehemu D. O. Misiani, mwanamuziki wa benga, aliyezaliwa Shirati ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na kufia hapa Kisumu kwa ajali ya barabarani mwaka 2006, aliupeleka mbali kuliko wengi. Wapiga picha wote wamejazana mbele wakati wa maneno. Magitaa yakishika wanashusha kamera waende kununua soda. Hapo ndipo nyinyi muinue! Mwimbaji amerudi hatua mbili nyuma, maikrofoni imeshuka, anamwangalia mpiga besi, na usoni ana kitu ambacho hakukipanga. Waimbaji wa kwaya wakingoja zamu ya sauti yao, vivyo hivyo. Kijana wa rapu anayesikiliza biti yake studio kwa mara ya kwanza, kichwa chini, mkono kwenye sikio, vivyo hivyo. Ukiwa na mtu asiye na ala wala bendi, mpe simu yako yenye wimbo anaoupenda, mvalishe spika za masikio, nyamaza. Ndiyo, unyamaze. Sisi wapiga picha tunaongea mno: "Sawa, nzuri, moja tena, tabasamu." Nani atasikiliza chochote?

Jioni tuliitupa karatasi. Hippo Point hatukufika. Kama mnavyojua Kisumu, alasiri mawingu yalipanda milima ya Nandi yakawa meusi kama sufuria, na jua bado liko wazi upande wa ziwa. Mkipata saa hiyo msikimbie mvua. Geuza mtu wako atazame magharibi: uso unawaka, na nyuma yake anga limekuwa pazia jeusi ambalo hakuna studio inayoweza kulinunua. Una labda dakika kumi. Ila upepo wa ziwa wakati huo unasukuma, na rifleka ni tanga. Yangu iliruka juu ya uzio, ikatua kwenye banda la kuku, na kijana niliyekuja naye akabishana na jogoo. Sikuirudia kwa picha, niliirudia kwa aibu.

Sasa jambo kavu kidogo, lakini limenigharimu. Mwaka mmoja baadaye niliona picha yangu nyingine, ya mwanamuziki mwingine, kwenye bango kubwa la tamasha, bila jina langu na bila senti. Nikapandisha mori. Nikaenda kwa rafiki wakili na maneno makali tayari. Akaniuliza swali moja: "Walikuagiza kazi ile?" Nikasema ndiyo. "Mliandikiana?" Nikasema tuliongea kwa simu. Akanifungulia Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31. Kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wengi wetu tumeamini kwamba anayebonyeza ndiye mwenye picha. Kwa kazi ya kuagizwa, usipoandika, siye. Nusu ukurasa unatosha: picha ni za nani, zitatumika wapi na kwa muda gani, jina la mpigaji litawekwa wapi, sahihi mbili. Andikeni kabla ya kufungua begi, wakati bado mnapendana.

Na mwanamuziki naye apate chake. Jathum wangu alilipwa kwa siku ile, kwa kuwa saa zake ni kazi. Tena mpeleke picha iliyochapishwa, karatasi, ya kushikika. Kumtumia kwenye simu si kumpa, ni kumwonyesha.

Mimi nilimpelekea ile ya pili, kubwa, ndani ya fremu. Kabla ya hapo ilikuwa imeshasifiwa sana. Mmoja aliniambia anaona katika macho yale huzuni ya wazee wote waliotangulia. Mwingine alisema ni mtu anayesikiliza mizimu. Nami nilikuwa nimeanza kuamini, nilikuwa hata natamka hivyo nikiulizwa.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu. Binti yake amesimama, mimi nimesimama, chai inapoa. Hatimaye akaweka kidole juu ya kiganja chake mwenyewe kilicholala juu ya nyuzi.

"Huyu kijana namkumbuka," akasema. "Alitoa hamsini, akajisifu mpaka ya elfu moja. Hapa nilikuwa nahesabu."

Haya, maswali. Tuyafanyie nje, mawingu yameshaanza kupanda.